Tangi la matumbawe la seti kamili: bei kubwa inalipia nini hasa

Muuzaji wa tangi la matumbawe la bei kubwa hukusimamisha mbele, penye kioo king'avu na taa ya bluu. Ukitaka kujua kama bei ni ya haki, fungua mlango wa kabati, chuchumaa, utazame mabomba. Sisi tunaofunga na kutunza matangi haya, ya seti na ya kuunga kipande kwa kipande, tumeona kwamba majuto mengi huanzia humo chini, na furaha nyingi vilevile.

Seti tunayoizungumzia ni tangi linalokuja na kabati lake, kasha la kufurikia maji lililogundishwa tayari, mabomba yaliyokatwa kwa kipimo, na tangi la chini la kuchujia, yaani sampu. Baadhi ya seti huongeza pampu ya kurudisha maji juu, skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu), hita na taa. Zipo pia ndogo zisizo na sampu, ambazo uchujaji wote umejificha kwenye vyumba vya nyuma ya ukuta mweusi wa tangi lenyewe. Hizo zina hesabu yake ya pekee, tutaifikia.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kioo, kabati, kasha na mabomba vinaweza kustahili bei kubwa, kwa sababu vikiharibika vinamwaga maji ya chumvi ndani ya nyumba, na haviwezi kubadilishwa tangi likiwa limejaa. Vifaa vya umeme vilivyojumuishwa kwenye bei hiyohiyo mara chache vinastahili, kwa kuwa kifaa cha umeme hubadilishwa kwa dakika chache. Na seti yoyote, hata iwe bora kiasi gani, ni ghali mno ikiwa inameza pesa ya chumvi, maji safi, vipimo vya maji na tangi la karantini, yaani la kuwatenga samaki.

Chagua matumbawe kwanza

Swali la bei halina jibu mpaka ujue unataka kufuga nini. Matumbawe laini, kama ya ngozi, ya uyoga na zoanthi, huridhika na mwanga wa PAR 50 hadi 100. PAR ni kipimo cha mwanga ambao mwani unaoishi ndani ya tumbawe unaweza kuutumia kutengeneza chakula. Matumbawe ya mawe yenye polipu kubwa (polipu ni kila kiumbe kidogo kinachojenga tumbawe), kama Euphyllia, hukaa vizuri kati ya 80 na 150. Yale ya polipu ndogo, kama Acropora, huhitaji 200 hadi 350, na mkondo wa maji wenye nguvu: pampu za mawimbi zisukume kwa saa moja maji yanayofikia mara 20 hadi 40 ya ujazo wa tangi, wakati matumbawe laini yanatosheka na mara 10 hadi 20.

Kwa hiyo anayetaka matumbawe laini na samaki wachache, akinunua seti iliyoundwa kwa ajili ya Acropora, amelipia uwezo ambao hatautumia. Anayetaka Acropora akanunua seti yenye taa dhaifu iliyofungwa ndani ya kifuniko, atanunua taa mara ya pili kabla ya mwaka kwisha, na huenda kifuniko chenyewe hakikubali taa nyingine.

Umbo la tangi nalo liangaliwe mapema. Tangi refu la kwenda juu hupendeza dukani, lakini mwanga hupungua kadiri unavyoshuka, na mkono haufiki chini bila kulowesha bega. Sentimita 45 hadi 50 za kimo zinatosha watu wengi. Pesa iende kwenye upana wa kutoka mbele kwenda nyuma: sentimita 50 hadi 60 hukupa nafasi ya kupanga miamba bila kuiegemeza kwenye kioo cha nyuma, na maji yakapita kila upande.

Halafu usidanganyike na lita zilizoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi ni jumla ya tangi na sampu, kabla ya mchanga na miamba kuchukua nafasi yake. Tangi la sentimita 90 kwa 50 kwa 50 lina lita 225 kwa kipimo cha nje. Ondoa unene wa kioo, nafasi ya juu, kasha, mchanga na miamba, utabaki na maji pungufu sana ya hayo. Uliza lita halisi za maji, kwa sababu kipimo cha kila dawa na kila kirutubisho utakachoweka kitategemea namba hiyo.

Kioo

Hapa tutapita upesi, maana ndicho kitu ambacho watengenezaji wazuri wengi wanakifanya sawasawa. Kioo chenye chuma kidogo huondoa ule ukijani na rangi huonekana zilivyo; kinafaa mbele na pembeni, na mgongoni hakina kazi. Angalia viungo vya silikoni kwa tochi. Viputo vidogo vilivyotawanyika havitishi. Kiputo kinachovuka kutoka upande wa ndani mpaka wa nje wa kiungo ni sababu ya kulikataa tangi hilo hapohapo.

Tangi lisilo na fremu ya plastiki chini hukalia mkeka wa sponji ngumu ili punje ya mchanga au kinundu cha mbao kisilipasue. Tangi lenye fremu ya plastiki chini halitaki mkeka, kwa sababu sponji itasukuma kioo cha chini juu mahali ambapo hakikukusudiwa kubeba mzigo. Kabla ya maji, tumia pima maji kwa urefu na kwa upana. Ukishajaza robo, pima kwa rula kutoka kwenye maji hadi ukingoni katika pembe zote nne. Pembe zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3 katika tangi la sentimita 90, toa maji yote, ndipo urekebishe miguu ya kabati. Usizungushe miguu tangi likiwa na maji: unainua pembe moja tu, na mzigo wote wa kujipinda unaangukia silikoni.

Mabomba: hapa ndipo seti nzuri inapojitofautisha

Maji ya juu hufurika kupitia meno ya kasha, hushuka kwa bomba hadi kwenye sampu, huchujwa, kisha pampu huyarudisha. Kila tangi lenye sampu hufanya hivyo. Tofauti iko kwenye idadi ya mabomba ya kushushia na jinsi yanavyodhibitiwa.

Seti ya bomba moja huteremsha maji yakiwa yamechanganyika na hewa. Hupiga kelele ya kugugumia usiku kucha, na konokono mmoja akiingia mdomoni mwa bomba, maji hayana njia nyingine isipokuwa sakafuni. Kwa bei kubwa, usikubali mpango huu hata kidogo. Seti ya mabomba mawili ina bomba kuu linaloshuka likiwa limejaa maji tupu bila hewa, likidhibitiwa na koki, na la pili la dharura ambalo mdomo wake uko juu kidogo. Ya mabomba matatu huongeza bomba la wazi la kupokea ziada ndogo, na la tatu hubaki kavu kusubiri ajali. Mpango wa mabomba mawili au matatu, ukirekebishwa vizuri, hausikiki ukiwa umekaa mita moja kutoka kwenye kabati.

Tazama aina ya koki. Koki ya mpini, inayofunguka na kufungika kwa robo mzunguko, haifai kurekebisha bomba kuu. Ukiigusa kidogo tu, maji yanaruka kutoka mengi mno hadi machache mno. Inayotakiwa ni ile ya gurudumu la kuzungusha, inayoshusha mlango wake polepole. Tunaichukulia koki hii kama kipimo cha haraka cha uaminifu wa mtengenezaji: inaongeza gharama kidogo sana, na anayeibana kwenye seti ya bei kubwa amebana na mahali pengine ambapo huwezi kupaona.

Kurekebisha ni hivi. Fungua koki yote, washa pampu, subiri hewa itoke kwenye bomba kuu. Anza kufunga kidogo kidogo. Maji ndani ya kasha yatapanda. Endelea hadi bomba la dharura lipokee uzi mwembamba wa maji tu, kisha uache. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine subiri dakika 15, kwa sababu kina cha maji huchelewa kutulia, na wengi hukosea kwa kuifukuza koki huku na huko.

Kisha yafuate majaribio ambayo muuzaji anayejiamini atakuruhusu kuyafanya kwenye tangi la maonyesho. Ziba bomba kuu kwa kiganja pampu ikiwa inafanya kazi. Bomba la dharura lazima libebe maji yote lenyewe, kwa kelele, bila tangi la juu kufurika. Halafu zima umeme. Maji yatarudi chini kupitia mdomo wa bomba la kurudishia mpaka mdomo huo upate hewa. Katika tangi la sentimita 90 kwa 50, kila sentimita moja ya kina ni lita 4.5. Mdomo ukiwa umezama sentimita 5, lita zaidi ya 22 zitashuka, pamoja na maji yaliyo juu ya meno na yaliyo kwenye kasha. Sampu yako ina nafasi tupu ya kuyapokea? Kama haina, inua midomo ya kurudishia iwe sentimita 1 hadi 2 chini ya maji, au punguza kina cha sampu. Watengenezaji wengine hutoboa tundu dogo la kuvuta hewa karibu na uso wa maji, na wengine huweka koki ya kuzuia maji kurudi. Vyote viwili huzibwa na mwani na konokono, kwa hiyo vihesabu kama nyongeza. Ulinzi wenyewe ni nafasi tupu ndani ya sampu. Maji yakitulia, weka alama ya kalamu kwenye sampu: huo ndio mstari ambao usiuvuke kamwe unapoongeza maji.

Washa umeme tena. Bomba kuu linapaswa kujaa maji na kurudi kwenye ukimya wake lenyewe, ndani ya dakika chache. Lisipofanya hivyo, mara nyingi mwisho wa bomba umezama sana ndani ya sampu na hewa imekosa pa kutokea. Sentimita 2 hadi 3 chini ya uso wa maji ya sampu zinatosha.

Jaribio la mwisho ni la hesabu. Fikiria mabomba yote ya kushushia yamezibwa na pampu inaendelea kusukuma mpaka chumba chake kikauke. Tangi la juu lina nafasi ya kupokea maji yote ya chumba hicho? Nafasi ya sentimita 4 hadi ukingoni katika tangi lile lile ni takriban lita 18. Chumba cha pampu chenye lita 12 ni salama. Chenye lita 25 kitamwaga. Seti nyingi nzuri zimekwisha fanyiwa hesabu hii na mbunifu wake, na kwa mtu asiyezoea kazi za fundi bomba, hesabu hiyo ndiyo sehemu kubwa ya thamani anayoinunua.

Upande mbaya wa mabomba ya seti ni vipuri. Baadhi ya watengenezaji hutumia nyuzi na vipenyo vyao wenyewe, ambavyo haviingiliani na mabomba ya kawaida ya milimita 25 au 32. Uliza kabla ya kulipa: raba, nati na koki vinapatikana wapi, na je, fundi anaweza kuweka vya kawaida mahali pake? Unapofunga, raba hukaa upande wa kola pana ya kiungo, si upande wa nati. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Usipake silikoni kwenye raba. Wanaokaza kwa spana kwa hofu ya kuvuja ndio wanaopasua kiungo.

Kabati

Seti ya sentimita 90 ikiwa na lita 250 za maji, miamba, mchanga, kioo na kabati inapita kilo 400, zote zikikalia eneo lisilofika nusu mita ya mraba. Sakafu iangaliwe kwanza, kabla ya kabati.

Kabati nyingi za bei kubwa ni mbao za unga uliobanwa zenye ganda la plastiki. Uso wake ni imara. Adui yuko kwenye kingo na kwenye matundu ya waya na mabomba, ambako unga umebaki wazi. Maji ya chumvi yakigusa hapo, mbao inavimba na haipoi tena. Pitisha kidole ndani ya kila tundu. Ukihisi unga mkavu unaobaki kwenye ngozi, mtengenezaji hakulifunika. Ukinunua, paka rangi ya kuzuia maji ya baharini au epoksi kabla ya tone la kwanza. Plaiwudi ya baharini na fremu ya alumini huvumilia zaidi, na tofauti ya bei ikiwa ndogo tungechukua fremu ya alumini bila kusita.

Pima nafasi kati ya juu ya skima na dari ya kabati. Kikombe cha skima lazima kinyanyuliwe wima kila baada ya siku chache, na kikigonga dari kitamwaga uchafu ule ule ndani ya maji. Angalia kama sampu inaweza kutoka bila kulishusha tangi la juu. Kuna kabati zenye nguzo katikati ya mlango ambazo zimeifunga sampu ndani maisha yake yote. Bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Soketi zikae juu, pembeni, zikitengwa na ukuta kutoka upande wa sampu, na kila waya ushuke chini kabla ya kupanda kwenye soketi ili tone la maji lidondoke pale linapoinama. Weka pia kikata umeme kinachozima umeme unapovuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana.

Vifaa vya umeme vilivyojumuishwa

Msemo wa rahisi ghali ni wa kweli kwa viungo na kwa kabati. Kwa pampu, hita na taa, seti huweza kukuuzia ghali kitu cha kawaida.

Hita ya ndani ya seti kwa kawaida ni moja. Sisi tunapendelea mbili ndogo. Lita 250 zinahitaji takriban wati 250, kwa hiyo weka mbili za wati 125 au 150. Themostati ya hita ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imeshikana kwenye kuwasha, na hita moja kubwa inaweza kuyapika matumbawe usiku mmoja. Ndogo iliyoshikana hupandisha joto polepole, na ile iliyokufa ikiwa imezima bado ina mwenzake. Ziunganishe kwenye kidhibiti cha nje kilichowekwa nyuzi 25.5, na hita zenyewe ziwekwe 26.5 kama kizuizi cha pili.

Pampu ya kurudishia ipimwe kwa kimo halisi. Namba ya boksi ni ya kimo sifuri. Baada ya mita 1.3 za kupanda na viwiko viwili vitatu, mtiririko unaweza kubaki nusu. Lengo la kupitisha kwenye sampu ni mara 5 hivi kwa saa, yaani lita 1,250 kwa mfumo wa lita 250. Skima nayo husifiwa kwa lita nyingi kuliko inazoziweza kwenye tangi lenye samaki wengi. Soma lita za tangi lenye viumbe wengi, si zile za tangi lenye viumbe wachache, na uhakikishe kina cha maji kinachotakiwa na skima ndicho kina cha chumba chake. Skima nyingi za ndani ya sampu hutaka kati ya sentimita 18 na 23. Kina kikipandapanda, povu huwa jepesi leo na zito kesho.

Taa iliyojengwa ndani ya kifuniko ndiyo inayotuhuzunisha zaidi. Kadi yake ya umeme ikiungua miaka mitatu baadaye na mtengenezaji ameacha kuitengeneza, tangi zima linageuka kuwa na shimo lisilojazika. Kama kuna chaguo la seti bila taa, chukua hilo, ukanunue taa ya kuning'inia ambayo unaweza kuihamishia tangi lingine. Taa mpya ianze kwa asilimia 30 au 40 ya nguvu yake na ipandishwe kwa wiki kadhaa, saa 8 hadi 10 kwa siku. Matumbawe yanayopauka mara tu baada ya kubadilishiwa taa kwa kawaida yamechomwa na mwanga.

Seti ndogo zenye vyumba vya nyuma

Kwa lita 50 hadi 120, mawazo yetu ni mepesi zaidi: seti kamili mara nyingi inafaa. Kugundisha vyumba hivyo kwa mkono, vyenye kina tofauti na meno ya kufurikia, ni kazi ya kusumbua, na mtengenezaji huifanya kwa bei ambayo fundi mmoja haiwezi. Mabomba hakuna, kwa hiyo hatari ya mafuriko inapungua sana. Skima unaweza kuiacha na ukabadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki, ukibeba samaki wawili au watatu wadogo.

Ubaya wake ni kwamba maji yote yanayopotea kwa mvuke huonekana kwenye chumba cha mwisho, chenye pampu. Kikipungua, pampu huvuta hewa na tangi linajaa viputo kama soda. Chumvi nayo hupanda haraka: tangi la lita 60 likipoteza lita moja, chumvi ya 35 (sehemu kwa elfu) inakuwa 35.6, na kuna mahali ambapo hiyo ni siku moja tu. Kifaa cha kujaza maji kiotomatiki si anasa hapa. Ila chombo chake kiwe kidogo, kwa sababu swichi yake ya kuelea inaweza kushikana na kumimina chote. Hata kwenye mfumo wa lita 250, chombo cha lita 20 kikimwagika chote kinashusha chumvi kutoka 35 hadi 32.4.

Hesabu ya mwaka

Chukua karatasi, uandike kile ambacho lebo ya bei haisemi. Tutumie mfumo wa lita 250.

Kujaza mara ya kwanza ni kilo 9 hivi za chumvi. Kubadilisha lita 25 kila wiki ni lita 1,300 kwa mwaka, na kwa gramu 36 kwa lita, kilo 47 za chumvi. Mvuke wa lita 3 kwa siku ni karibu lita 1,100 za maji matamu. Jumla ya maji safi inapita lita 2,400, na mashine ya utando, inayosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia utando mwembamba, ikiwa inatupa lita tatu kwa kila moja inayotoa itatumia lita zaidi ya 7,000 za ziada. Mashine hiyo ni ya lazima. Maji ya bomba yanaweza kuleta fosfeti, silika, klorini na shaba, na shaba huua viumbe wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo. Kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0 baada ya resini, hatua ya mwisho ya kusafisha; kikianza kusoma 1 au 2, resini imekwisha.

Umeme: pampu ya wati 40 na skima ya 20 usiku na mchana, pampu mbili za mawimbi za wati 15 kila moja, taa ya wati 180 kwa saa 10, na hita ya 250 ikifanya kazi theluthi ya siku. Inafika karibu uniti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Penye joto jingi hita hupumzika, lakini feni au mashine ya kupooza inachukua nafasi yake, na feni huongeza mvuke.

Ongeza vipimo vya alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi), kalsiamu, magnesi, naitreti na fosfeti, na refraktomita, kifaa cha kupima chumvi, iliyosawazishwa kwa maji ya kipimo cha 35, maana ikisawazishwa kwa maji matamu inaweza kudanganya kwenye namba unayoihitaji. Malengo yenyewe: alkaliniti 8 hadi 9 dKH (digrii za alkaliniti), na kwa miligramu kwa lita, kalsiamu 400 hadi 450, magnesi 1,250 hadi 1,350, naitreti 2 hadi 10, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Ongeza tangi la karantini la lita 40 lenye chujio la sponji, kwa sababu samaki mmoja mwenye Cryptocaryon, kimelea cha madoa meupe, atakulazimisha kuwaondoa samaki wote na kuliacha tangi kubwa bila samaki kwa siku 76, muda ambao wafugaji wengi huutumia. Na utahitaji wiki 4 hadi 6 za kusubiri bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitriti na kisha naitreti, na miezi mingi zaidi kabla ya Acropora. Bei ya tangi haifupishi hata siku moja ya hizo.

Pesa ya mwaka huu mmoja iwe imetengwa pembeni kabla ya kuchagua seti. Kilichobaki ndicho bajeti ya tangi. Hesabu hii imewashusha watu wengi kutoka seti ya sentimita 120 hadi ya 90, na matumbawe yao yamekua vizuri zaidi kwa sababu hapakuwa na haja ya kubana kwenye chumvi.

Kulinganisha na la kuunga

Omba bei ya tangi la vipimo vilevile kwa fundi wa vioo, likiwa na matundu, kasha la ndani, mabomba mawili, koki ya gurudumu, sampu yenye vyumba vitatu, na kabati. Weka mafundi watatu kwenye hesabu kama huwapati wote kwa mmoja: wa kioo, wa mabomba, wa mbao. Tofauti ikiwa ndogo kuliko bei ya taa moja nzuri, chukua seti. Ikiwa kubwa kuliko hiyo, na una fundi ambaye tayari ametengeneza matangi ya maji ya chumvi, unga lako. Fundi ambaye hajawahi kulifanya asijifunzie kwenye lita 250 zako, hata bei yake iwe ya kuvutia.

Dhamana isomwe mstari kwa mstari. Mara nyingi haihusu tangi lililohamishwa, lililotobolewa upya, au lililokalia kabati lisilo la mtengenezaji. Uliza pia nani analipa usafiri wa kurudisha kioo kilichovuja, kwa kuwa kwa kitu kizito namna hii usafiri ndio dhamana yenyewe. Na kabla ya chumvi, lijaze kwa maji matamu mahali litakapokaa, tandaza karatasi kavu kuzunguka miguu, uliache siku tatu.

Seti ya bei kubwa iliyotumika huweza kuwa ununuzi bora kuliko zote, kwa sababu bei yake hushuka sana wakati kioo na mabomba bado vina miaka mbele. Nenda ukiwa na kipimo cha shaba. Muulize mwenye tangi kama amewahi kutibu samaki kwa dawa ya shaba humo ndani, maana miamba na mchanga huinyonya na kuiachia baadaye. Hata akikana, pima maji, na miamba yake usiichukue. Pindua kucha kidogo kwenye ukingo wa silikoni ya ndani. Ikinyanyuka kama ganda, viungo vinakaribia mwisho wake. Sogeza sampu uone chini yake: mbao iliyovimba hapo inaonyesha kwamba maji yamekuwa yakimwagika. Kabati la namna hiyo lihesabu kama halipo, upunguze bei kwa kiasi cha kabati jipya.